Hatua ya elisi na mwendo wa boti kwenye Ziwa Kivu
(Mhadhara uliotolewa Goma mbele ya makapiteni, mafundi na wafanyabiashara wa ziwani)

Jambo yenu nyote. Makapiteni, mafundi wenzangu, na ninyi mama zetu mnaopeleka mizigo Idjwi na Minova, asanteni kwa kuacha kazi mkaja kunisikiliza.

Nimeshika elisi mbili. Wenzetu wa pwani wanasema rafadha, wengine panga boi. Ni kitu kilekile. Ukizitazama kwa mbali zinafanana, lakini geuza kitovu usome namba zilizopigwa pale. Hii ina 11 na 13, ile ina 11 na 10. Namba ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi. Ya pili ndiyo iliyonileta hapa: ni hatua, yaani umbali ambao elisi ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao na elisi ni skrubu. Maji si ubao. Elisi inateleza, na kwa boti iliyobeba mzigo, kuteleza kwa asilimia 25 au 30 ni jambo la kawaida.

Karibu kila kapiteni anayekuja kwangu anataka mwendo, kwa hiyo anaomba hatua kubwa. Hesabu ya karatasini inampa haki: mzunguko mmoja, umbali mrefu zaidi. Sasa mtazameni kijana anayebeba gunia la maharage pale bandarini. Akiwa mikono mitupu anatupa miguu mbali. Gunia likikaa mgongoni anafupisha hatua na kuziharakisha, na hivyo anafika. Ukimlazimisha atupe miguu mbali na gunia lile, magoti yatamwisha katikati ya njia.

Mashine ni hivyohivyo. Kila mashine ya nje, ile inayofungwa nyuma ya boti, ina mizunguko yake inayotakiwa gesi ikifunguliwa yote. Soma kitabu chake. Nyingi za nguvu za farasi 40 zinazotumia kabureta zinataka kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Chini ya hapo nguvu yake haijatoka yote. Inazidiwa, inapata joto, inajaza masizi, na mwisho pistoni inaharibika huku mwenye boti akilaumu esansi.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo muuzaji wa elisi hakuambii. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kwa kila mita 300 za kupanda, mashine isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Pigeni hesabu: ni kama asilimia 14 au 15. Mashine ya farasi 40 iliyotoka kiwandani ikiwa na elisi iliyochaguliwa kwa bahari, hapa inavuta kama ya 34. Kubadilisha jigileri, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha esansi, kunarekebisha mchanganyiko wa esansi na hewa, na ni vizuri kufanya hivyo, ila hewa yenyewe haiongezeki. Hata boti ikitoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, imepanda karibu mita 700. Ile elisi iliyoiendesha vizuri kule, hapa inaweza kuwa mzigo.

Niwape mfano wa kazi yangu mwenyewe. Kapiteni mmoja alikuwa na mashine ya 40 na elisi ya hatua 13. Tulipakia boti kama siku ya soko, tukafungua gesi yote: mizunguko 4,200, na simu ikatuonyesha kilomita 24 kwa saa. Kwa gia ya 2 kwa 1, yaani mashine ikizunguka mara mbili elisi inazunguka mara moja, hatua ile ingetoa karibu kilomita 42 kama hakuna kuteleza. Kilomita 18 zilikuwa zinapotea majini! Kanuni ya mafundi ni hii: ukipunguza inchi moja ya hatua, mizunguko inapanda kama 150 hadi 200. Tukaweka elisi ya 10. Mashine ikafika 4,750, boti ikaenda kilomita 27. Kapiteni alinitazama kama nimemdanganya, akaniomba turudie. Tukarudia, tukapata namba ileile.

Lakini usishuke bila kipimo. Hatua ikiwa fupi mno, boti ikitembea tupu mashine itapita mizunguko yake ya juu, nayo hiyo inaua. Na kabla hujanunua chochote, safisha tumbo la boti, nyoosha panga la elisi lililopinda kwa kugonga jiwe, angalia kama mashine haikufungwa juu mno hata elisi inakula hewa. Nimeona watu wakibadilisha elisi tatu wakati tatizo lilikuwa majani yaliyoota chini ya boti.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: elisi ya hatua fupi ikivuta vizuri, si tutaongeza magunia? Hapana, mama. Nakusihi. Elisi haiongezi uwezo wa boti kuelea. Tarehe 3 Oktoba 2024, hapa kwenye bandari ya Kituku, boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia nchi kavu, imejaa kupita kiasi, na mji huu bado una watu wanaowalilia ndugu zao. Chagua elisi kwa mzigo ambao boti inaruhusiwa, halafu mwendo unaoupata ukufikishe kabla upepo wa mchana haujaamsha mawimbi.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, ziwa likiwa bado limelala, nitakuwa ufukweni na kipima mizunguko. Njooni na boti zikiwa na mzigo wenu wa kila siku na tangi limejaa. Tutakwenda dakika mbili kuelekea upande mmoja, dakika mbili kurudi, tuandike namba. Mwenye elisi ya zamani nyumbani asiitupe, ailete tuisome kitovu.