Umeshapiga Window, Tatizo Bado Lipo: Tuanzie Wapi?

Habari za asubuhi, ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana mliokaa huku mbele na madaftari. Mada yangu mnaijua hata kabla sijaitaja. Umempigia mteja window, yaani umemwekea mfumo wa Windows upya kwenye kompyuta yake; amelipa, window mpya imekaa, ameondoka anatabasamu. Kesho yake huyo anarudi, mashine kwapani, tabasamu hana.

Wengi wetu hapo tunapiga window tena. Naona mnacheka, basi mnajijua. Kupiga tena ni kupoteza nusu siku na kuharibu ushahidi. Ukishafuta diski na kuweka mfumo safi, tayari umemwachia huru mtuhumiwa mmoja mkubwa: virusi vya zamani, programu zilizokuwa zinagombana, mafaili ya mfumo yaliyooza. Waliobaki ni wachache. Kabla hujagusa bisibisi, muulize mteja swali moja tu: shida hii ilikuwepo kabla ya window, au imezaliwa baada yake? Msikilize vizuri, kwa sababu njia mbili hizo hazikutani.

Tuanze na zilizozaliwa baada, maana ndizo zinazotuletea ugomvi dukani.

Nyingi ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Kioo kimekuwa na maandishi makubwa yaliyovutika, mwanga haupungui wala hauongezeki, sauti hakuna, tachipedi inakubali kidole kimoja tu. Mteja anaona umemharibia mashine. Hujaharibu kitu. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya mashine, tazama alama za njano. Sehemu ya kioo ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, ujue Windows inatumia draiva ya dharura, ya kukuwezesha kuona tu. Mwanga hautatii vitufe mpaka draiva yenyewe ya picha iingie. Nimeona watu wakifungua laptopu kutafuta waya wa kioo kwa jambo hili, na waya wa watu ulikuwa mzima kabisa.

Linalochosha zaidi ni waifai. Draiva yake iko intaneti, na intaneti huipati bila draiva. Dawa iko mfukoni mwako: chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Windows itaitambua simu kama kadi ya mtandao bila kudai kitu kingine. Ila kabla hujawasha, hesabu bando. Windows mpya ikinusa intaneti huanza kuvuta masasisho kwa pupa, na bando la mteja au lako linayeyuka hukuona lilikokwenda. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, weka kwamba ni wa kulipia kwa kipimo (metered connection), ndipo ushushe unachokihitaji tu.

Na unachokihitaji unakijuaje, kama kifaa kimeandikwa "Unknown device"? Usibahatishe. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, ingia Properties, kisha Details, chagua Hardware Ids. Utaona VEN na namba, DEV na namba. VEN ndiye mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. DEV ndicho kifaa chenyewe. Mzipate namba hizi kichwani kama mnavyozijua bei za chaja. Ukishajua, nenda tovuti ya aliyetengeneza mashine, weka namba ya mashine iliyobandikwa chini, chukua draiva za hapo. Anza na ya chipseti, zile chipu za ubao mkuu zinazounganisha vifaa, kwa sababu alama kadhaa za njano huondoka zenyewe ikishaingia. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakuwekea draiva zote kwa mbofyo mmoja, nyingi huja na wageni wengine ambao hukuwaalika.

Afadhali zaidi ni kutofika huko. Kama mashine bado inawaka kabla ya kuipiga, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika pnputil /export-driver * kisha njia ya folda iliyoko kwenye flashi, na folda hiyo uwe umeitengeneza mapema. Draiva zilizoongezwa kwenye mashine ile zinanakiliwa zote. Ukimaliza kuweka window, unaielekeza Device Manager kwenye folda ile. Fundi asiyefanya hivi anajitafutia kazi ya bure.

Sasa saa. Mtaona ni jambo dogo, lakini linasumbua kuliko ukubwa wake. Ukiweka Windows kwa Kiingereza cha Marekani, mara nyingi majira yanabaki ya Pasifiki, na mashine iliyoko Kariakoo inasoma saa za California, nyuma kwa masaa 10 au 11. Badilisha uchague Nairobi. Sisi wa Dar tumo humo humo, majira ni mamoja. Kama mwaka wenyewe ndio umerudi nyuma sana, na unarudi tena kila ukizima, hiyo ni betri ya CR2032 kwenye ubao mkuu. Tarehe ikikosewa kwa miaka, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havifai, kivinjari kinagoma, masasisho yanagoma, na leseni nayo inagoma. Fundi anahangaika na mtandao, kumbe kilichokufa ni kijibetri.

Wale wanaoweka Windows na Linux kwenye mashine moja, ninyi mnapata kitu chenu cha pekee. Windows huandika saa ya hapa kwenye saa ya ndani ya mashine. Linux huichukulia saa ile ile kuwa ni ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu. Kwa hiyo huku kwetu tofauti ni masaa matatu kamili, si dakika zaidi wala pungufu. Ukiona tatu kamili, acha kulaumu betri. Ingia Linux uandike timedatectl set-local-rtc 1, mzozo umekwisha.

Mafaili. Hapa watu hulia, kwa hiyo twende polepole. Kama uliweka window bila kufuta patisheni ya C, vitu vya mteja vimo kwenye folda la Windows.old. Vitoe leo leo, kwa kawaida mfumo hulifuta wenyewe baada ya siku 10. Ukifungua folda la zamani likakwambia huna ruhusa, ingawa jina la mtumiaji ni Asha kama zamani, usishangae: Windows haiangalii jina, inaangalia namba ya utambulisho ya akaunti (SID), na Asha wa leo ana namba nyingine. Chukua umiliki wa folda kwenye Security, utaingia.

Kigumu ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data ya diski kwa msimbo. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, mashine nyingi hujifunga diski zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuweka mfumo, na mteja hana habari. Siku nyingine fundi mwingine anabadilisha kitu kwenye BIOS, programu ya ubao mkuu inayoiwasha mashine, mashine inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo uko kwenye akaunti yake ya Microsoft. Akiwa hakumbuki barua pepe aliyotumia, au ilikuwa ya kwako wewe fundi, data imekwenda, na hakuna ujanja wa mtaani wa kuirudisha. Naomba sana: msiingize akaunti zenu kwenye mashine za watu.

Leseni nitaipita haraka. Laptopu zilizokuja na Windows 8 au zaidi hubeba ufunguo wa leseni ndani ya BIOS, na leseni ya dijitali ya Windows 10 na 11 imefungwa kwenye ubao mkuu. Ikigoma, angalia kama hukuweka Pro kwenye mashine ya Home. Zile programu za kuamilisha mnazotembea nazo kwenye flashi, mimi nazikataa, na sababu yangu si ya sheria peke yake. Familia ya virusi vya STOP/Djvu, vinavyofunga mafaili na kudai pesa, ilienea sana kupitia programu za kuvunja leseni kama hizo. Unamwekea mtu mfumo safi, halafu unamfungulia mwizi mlango kwa mkono wako.

Haya, upande wa pili: shida ilikuwepo kabla, na bado ipo. Hapa window imekupa jibu. Tatizo ni chuma, yaani vifaa vyenyewe, si programu.

Inaganda, na Task Manager inaonyesha diski inafanya kazi kwa asilimia 100? Kwanza ipe siku ya kwanza, maana masasisho, kinga ya virusi na uorodheshaji wa mafaili vyote hufanya kazi wakati mmoja. Ikizidi hapo, weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, usome mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika na zinazoshukiwa. Ikionyesha njano, nakili data ya mteja kabla ya lolote. Inaleta kioo cha buluu, na kila mara ujumbe tofauti? Shuku RAM. Endesha mdsched, kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows, au MemTest86 kwenye flashi usiku kucha, na kama vipande ni viwili, pima kimoja kimoja. Inazima yenyewe ikipata joto? Feni na pesti ya prosesa.

Na ipo moja ambayo karibu hakuna anayeiwazia. Laptopu ya Dell, nzito kama imelogwa, window mpya, diski ya SSD mpya, RAM nzima. Fungua Task Manager, tazama kasi ya prosesa: imekwama chini ya GHz 1, hata ukifungua vitu kumi. Dell huiuliza chaja utambulisho wake, na isipoutambua, mashine hujibana kasi na mara nyingi betri haichajiwi. Wakati wa kuwaka hutoa onyo, lakini mteja amezoea kulibonyeza lipite. Chomoa chaja utumie betri uone, au jaribu chaja nyingine iliyo halisi. Kasi ikirudi hapo hapo, mwambie mteja ukweli, hata kama umeshamtoza ya window.

Naishia hapa, tuingie kwenye maswali. Yule kijana wa printa aliyenishika mlangoni aanze yeye, ila atuambie kwanza: draiva uliyoweka ilikuwa ya biti 32 au 64?