Enzaimu za sukari zinatafuta nini kwenye kiini cha seli ya saratani?

Asanteni jamani, wale wa huko nyuma msiposikia nyoosheni mkono. Hapa Kampala ukitaja saratani watu wanawaza hospitali ya Mulago, na sio bure, daktari Denis Burkitt alikuwa hapo alipoandika habari za uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Leo lakini siongelei wodi, tunaingia ndani ya seli yenyewe.

Shuleni tulikariri kwamba sukari inavunjwa kwenye saitoplazimu, yaani ute ulio nje ya kiini, na kiini kinatunza DNA, basi. Mwanasayansi Otto Warburg miaka ya 1920 akaona seli za saratani zinakula sukari nyingi ajabu na kutoa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo, wengi wakabaki kuongelea nguvu tu, nguvu, nguvu. Kumbe enzaimu zilezile za sukari, yaani protini zinazoendesha kemia ya seli, zinaingia hadi kwenye kiini! Ni kama umkute mpishi wa shule ofisini kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, ameshika muhuri, lazima uulize kulikoni.

Chukua enzaimu iitwayo PKM2. Kazi yake tunayoijua ni hatua ya mwisho ya kuvunja sukari, inatoa piruveti na ATP, yaani nguvu ya seli. Sasa kipokezi cha EGFR, kile kinachopokea ishara za kukua juu ya seli, kikiwashwa, sehemu ya PKM2 inahamia kiinini, inashikana na protini ya beta-katenini, na utafiti wa 2012 ukasema inabandika fosfeti kwenye histoni H3, moja ya protini ambazo DNA inazizunguka, na jeni za kukuza seli kama MYC zinawaka, na MYC ndiyo ileile inayokatika na kuhamia kromosomu nyingine kwenye limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya niliotaja. Ila 2015 watafiti wengine walipima wakasema hawaoni PKM2 ikibandika fosfeti kwenye protini yoyote. Mimi kuhamia kwake nakubali, hilo la kubandika yenyewe bado sijashawishika.

Enzaimu nyingine, ACLY, haina ubishi sana. Inatengeneza asetili-CoA, malighafi ya alama za asetili, kutoka kwa sitreti inayotokana na chakula, na 2009 ilionekana ukiipunguza, asetili kwenye histoni nazo zinapungua, yaani chakula kinafika mpaka kwenye kuamua jeni ipi isomwe.

Halafu msidhani kila enzaimu ikiingia kiinini inaleta balaa. FBP1, enzaimu ya kutengeneza sukari, ikiwa kiinini inamkaba HIF, ile protini inayowasha jeni za kula sukari, na mwaka 2014 walipoangalia uvimbe zaidi ya 600 wa aina moja ya saratani ya figo wakakuta FBP1 imepungua kote. Na cha ajabu, kumkaba HIF haihitaji ile kazi yake ya kienzaimu kabisa, waliiharibu sehemu inayofanya kemia na bado ikamkaba!

Ndio maana dawa ya kuziba ile sehemu ya kemia peke yake inaweza isiguse kazi ya kiinini, na ukipima kwenye damu au nyama iliyosagwa unapata jumla tu, huwezi jua enzaimu ilikuwa wapi. Lazima upake rangi, uangalie kwa hadubini iko ndani au nje ya kiini. Haya, nani ana swali? Nyabo hapo mbele, karibu.