Hayo maji hayajatoka baharini

Mnaonijua mshalizoea hili, vumilieni tena. Muogeleaji yuko katikati ya mashindano, hajazama, hajapaliwa, wala hajapigwa na wimbi, ghafla pumzi inakata, anakohoa, kifua kinakoroma, anatema povu la pinki, na kila aliyeko pembeni anasema "kanywa maji huyo". Jamani hajanywa! Hayo maji ni yake mwenyewe, yamevuja kutoka kwenye damu yake kuingia mapafuni, tatizo ambalo madaktari wanaliita SIPE, yaani mapafu kujaa majimaji kwa sababu ya kuogelea.

Ukizama hadi shingoni maji yanakubana miguu na tumbo, damu inasukumwa kwenda kifuani, nusu lita na zaidi. Yakiwa ya baridi mishipa ya ngozi nayo inajikaza, damu inazidi kukimbilia ndani, halafu wewe unakazana kuogelea moyo unadunda, basi presha ya vile vimishipa vyembamba vya mapafu inapanda mpaka majimaji yanapenya kwenye vifuko vya hewa.

Najua kuna mtu anajisemea hayo ni ya wazee wenye presha. Presha inachangia kweli, umri pia, na wanawake wanaonekana kupata zaidi. Lakini ile ripoti ya 1995 ya wanajeshi wa Israeli mimi siichoki. Vijana 30, wazima, mazoezi ya kutosha, kabla ya kuingia baharini wakanyweshwa maji kama lita 5 kila mmoja, eti wasikaukiwe, wakaogelea chali na mapezi miguuni kilomita 2.4. Wanane walitoka mapafu yamejaa. Wanane kati ya 30! Na bahari ilikuwa nyuzi 23 hivi, sio barafu. Halafu leo bado kuna kocha anasimama na katoni la maji anawagawia watu chupa juu ya chupa dakika chache kabla ya kuanza, na ukimwambia anakuangalia kama mchawi. Sijasema msinywe, una kiu kunywa, ila kujijaza kama tenki halafu uingie kwenye maji yatakayosukuma yote hayo kifuani, kwa faida gani?

Na usiniambie ni pumu. Pumu haitoi povu lenye damu. Wala sio woga, ingawa ukikosa pumzi majini lazima utaogopa, nani asiogope?

Wapiga mbizi nitawagusa kidogo tu. Nguo inayobana kifua inaongeza tatizo. Na mtu akianza kukosa pumzi chini huko, akipanda hali inaweza kuwa mbaya zaidi kwa sababu presha ya oksijeni anayovuta inashuka kadiri anavyopanda, kwa hiyo asiachwe apande peke yake, na haimaanishi abaki chini.

Cha kufanya: acha kuogelea, nyoosha mkono, utolewe. Kaa wima, USILALE chali, fungua hiyo nguo, jifunike, oksijeni kama ipo, hospitali. Wengi wanapona ndani ya siku moja au mbili na hapo ndipo wanapojidanganya, maana linajirudia, na rudio linaweza kuua. Pima moyo na presha kabla ya kurudi majini.

Naona naonyeshwa saa. Sildenafili, yaani Viagra, ndiyo hiyo hiyo dawa ya nguvu za kiume mnayoichekea, ilijaribiwa Marekani kwa watu waliowahi kupata hili tatizo na ikashusha presha ya mapafuni wakiwa kwenye maji ya baridi, lakini msikimbilie duka la dawa, daktari wa moyo kwanza. Haya maswali, na kocha mwenye katoni aanze.