Kuchuma Matunda kwa Kulipa: Najibu Swali Lenu

Assalaam alaikum, hamjambo nyote mlioko nyumbani Mombasa: Kisauni, Likoni, Changamwe, na Majengo kwetu. Leo sipiki wala sitembei. Nimekaa hapa tuzungumze, kwa sababu tangu niweke ile video nikichuma stroberi na wanangu, swali ni lilelile kila nikifungua simu: "Dada, hao wenye shamba wanakulipa ngapi?" Nikijibu kwamba hawanilipi, ni mimi niliyewalipa, hapo ndipo maneno yanapoanza. Yupo aliyesema najionyesha. Yupo aliyesema Uingereza imenishinda, nafanya kibarua cha shamba na naona haya kusema. Yote mawili si kweli.

Ninapoishi ni kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na huku kwenye matunda ndiko kwenyewe. Karibu na mji wa Faversham kuna bustani ya Brogdale inayohifadhi aina zaidi ya 2,000 za matufaha peke yake. Baadhi ya wakulima hufungulia familia milango: mnaingia, mnachuma wenyewe, mkitoka mnapimiwa kwenye mizani na kulipa. Stroberi ni Juni na Julai, matufaha ni Septemba na Oktoba. Mkulima anapunguza gharama ya wachumaji, na mzazi anapata pahali pa kupeleka watoto Jumamosi. Baridi na mvua za huku sizitaji, mmeshazisikia kwa kila mtu.

Sasa pesa, maana nisipozitaja mtasema nimeficha. Tulilipa pauni 4 kila mmoja kuingia tu, na tuko wanne. Halafu kilo ya stroberi pauni 8, tukatoka na kilo mbili. Pauni moja ni kama shilingi 170 za Kenya, kwa hivyo pigeni hesabu: ni zaidi ya shilingi 5,000, na mafuta ya gari bado. Dukani stroberi zingekuwa rahisi zaidi. Najua pia pesa hizo zingefanya nini pale sokoni Kongowea, hapana haja ya kunikumbusha. Na tiketi lazima ukate mapema kwenye intaneti, kwa kadi, uchague saa. Kuna mara mvua ilipiga tangu alfajiri, nikawaandikia wanirudishie, wakanijibu tiketi hairudishwi. Basi, pesa ikaenda.

Kwa nini nalipa? Kwa sababu wanangu wamezaliwa huku na tunda wanalolijua ni la kwenye kijisanduku cha plastiki. Mdogo alipoingia kwenye mstari alilishika tunda lenyewe akalivuta, likapondeka mkononi, maji mekundu yakamshuka hadi kwenye kiwiko. Mwenye shamba, mama mtu mzima, akainama akamwonyesha: usishike tunda, shika kikonyo, kibane kwa ukucha wa kidole gumba hadi kikatike. Na lile ambalo bado lina weupe juu karibu na majani liache, maana stroberi ikishatoka kwenye mche haiivi tena. Si embe, ambayo ukiichuma ikiwa imekomaa unaifukia kwenye mchele na baada ya siku chache iko tayari. Mwanangu akakaa pale akikagua moja moja, akiinua majani, akiliacha hili na kulichukua lile. Sijamwona akitulia hivyo mbele ya simu wala televisheni. Hicho ndicho nilicholipia, na sioni kwa nini niombe radhi.

Haya, tuje kwa nyinyi mnaoandika "niunganishe na kazi hiyo". Ndugu zangu, anayelipa ili achume na anayelipwa kuchuma hawakutani kwenye mstari mmoja. Wafanyakazi wako ndani ya yale mahema marefu ya plastiki, wanaanza mapema sana, na kilo wanazochuma zinahesabiwa. Viza yao ni ya wafanyakazi wa msimu. Ni ya miezi 6 tu. Huji na mume, huji na mke, huji na mtoto, na huwezi kuigeuza ukiwa huku ikawa ya kazi ya kudumu. Ombi peke yake ni zaidi ya pauni 300. Tena unatakiwa kuonyesha pauni 1,270 zilizokaa kwenye akaunti yako siku 28, isipokuwa anayekudhamini akubali kukusimamia. Hizo ni zaidi ya shilingi 200,000. Na makampuni yaliyoruhusiwa kudhamini ni machache, majina yao yako wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kuyasoma ni bure. Sheria ya huku inakataza kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi.

Nayasema haya kwa uchungu. Binamu yangu alitoa shilingi 180,000 kwa mtu mwenye ofisi ya kupanga hapo mjini, meza nzuri, picha za stroberi ukutani. Barua ilipokuja akanitumia niisome. Ilikuwa na nembo na mihuri, lakini mkataba wa miaka miwili, na familia "inakaribishwa". Viza ya msimu haina miaka miwili wala haina familia, kwa hivyo nikajua palepale ni ya uongo. Alipokwenda kudai pesa zake, chumba kilikuwa kitupu. Na unajua lawama zilimwangukia nani? Mimi. Wakasema video zangu ndizo zilizomtia tamaa. Niliumia sana, kwa sababu hakuniuliza kabla ya kulipa, na ningemwambia haya haya bila ya kumtoza senti.

Na wanaodhani huku ni raha tupu, mama yangu nilimwombea viza ya matembezi tu, aje wakati wa matunda akae na wajukuu. Tulitafuta taarifa za benki za miezi 6, hati ya nyumba, barua ya mwajiri wangu, karatasi za mshahara wangu, cheti changu cha kuzaliwa cha kuthibitisha mimi ni mwanawe. Jibu likaja kwamba hawakuridhika kuwa atarudi. Ada hairudi. Mama mwenye nyumba yake, chama chake cha kuchangiana na wajukuu wengine watano hapo Majengo, asirudi vipi? Bado sijalisahau.

Simwambii mtu asije, wala simwambii aje. Kila mtu na hali yake, na mimi nilikuja kwa njia nyingine kabisa, kwa hivyo msinichukue kuwa kipimo. Ninachowaomba ni msitoe pesa kwa mtu kabla hamjaangalia ile orodha ya makampuni yanayoruhusiwa kudhamini.

Na wale mlio na nafasi hapo Pwani, kwa maoni yangu mimi, mashamba mnayo. Embe zinaanza Novemba, Kilifi na Malindi zimejaa ngowe na boribo, Kwale kuna machungwa na mananasi. Mwachieni mtoto naye ashike upembo wa kuchumia, mradi awe na mtu mzima kando, maana utomvu wa embe ukimwingia jichoni ni balaa.

Sisi tunakuja Desemba, tiketi za ndege nimeshalipia. Kama unajua mwenye shamba Kilifi au Kwale anayeruhusu familia kuingia na kuchuma, niandikie hapo chini ni wapi, anatoza ngapi, na kama matatu inafika au ni lazima tukodi gari.