Lemuri wa Bukini na adui zao

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nikitaja lemuri, najua wengi mnamfikiria komba wa kwetu, na hamjakosea, maana ni wa ukoo mmoja. Ila komba anahofia chui, na Bukini, yaani kisiwa cha Madagaska, chui hawapo. Mwenye pori kule ni fosa.

Ukimwona utasema ni paka aliyerefushwa, lakini jamaa zake wa karibu ni nguchiro. Dume hufikia kilo 8 hivi, na mkia wake unakaribia urefu wa mwili. Ubaya wake uko kwenye vifundo vya miguu ya nyuma: vinageuka, kwa hiyo anashuka mti kichwa kikitangulia, bila kuteleza. Lemuri aliyekimbilia juu hajasalimika bado. Katika msitu wa Kirindy, magharibi mwa kisiwa, madume matatu waliwahi kuonekana wakishirikiana kumwinda sifaka mmoja, naye ni aina ya lemuri.

Sasa sifaka ajitetee na nini? Pembe hana, na meno yake ni ya majani. Ana sauti, na hapa naomba tutulie kidogo. Akimwona mwewe, hubweka kwa mngurumo. Wenzake hutazama juu, kisha huporomoka kutoka vileleni na kujificha matawi ya chini. Akimwona fosa ardhini, mlio ni mwingine kabisa, na kundi hupanda. Mnaona ugumu wake? Kinga ya adui mmoja ndiyo kifo mbele ya mwingine. Hata lemuri wa aina nyingine msituni humo huielewa milio ya sifaka, na sifaka huielewa yao. Mimi hilo hunishangaza kuliko fosa mwenyewe.

Wadogo wana njia zao. Lemuri panya wa kijivu, mwenye gramu 60 tu, mchana hulala ndani ya pango la mti, majike wakibanana. Hata humo si salama sana: yupo mwewe mwenye miguu mirefu anayeipenyeza tunduni na kumvuta aliyelala. Usiku kuna bundi na nyoka. Lakini sikieni hili, nalo ni la Kirindy: dume mmoja alikuwa ameshanaswa na nyoka mkubwa anayefanana na chatu. Wenzake, ambao kwa kawaida kila mmoja hutafuta chakula peke yake, wakamzonga nyoka yule na kumshambulia mpaka akalegeza, na dume akachomoka.

Adui wa shoka, moto na mtego sitamzungumzia sana, mnamjua. Mwaka 2020 aina 103 kati ya 107 za lemuri zilihesabiwa kuwa hatarini kutoweka. Fosa naye yumo taabani, kwa sababu msitu unaokatwa ni wake pia.

Karibuni maswali. Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja komba.