Daktari wa Kondoo Aliyeutambua Ugonjwa wa Kuru

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu wa mifugo, wenzangu wa hospitali, na ninyi wafugaji mliosafiri usiku kucha, karibuni.

Naanza na barua. Septemba 1959 jarida la Lancet la London lilichapa barua ya William Hadlow, daktari wa mifugo Mmarekani aliyekuwa Uingereza akichunguza skrepi. Huo ni ugonjwa wa kondoo: mnyama huwashwa, hujisugua kwenye ua mpaka manyoya yakatoka, akapepesuka, akaanguka, akafa. Wachungaji wa Ulaya wanaujua tangu karne ya 18. Mwenzake mmoja alimwambia kuna maonyesho London kuhusu kuru, ugonjwa wa Wafore, watu wa Papua New Guinea, akayatazame. Akaenda. Ukutani kulikuwa na picha za ubongo wa Wafore waliouawa na kuru, seli zimetoboka matundu. Mkitaka kujua matundu hayo yakoje, kumbukeni uso wa chila inapoivia kikaangoni. Hadlow alikuwa ameyaona matundu hayo kwenye ubongo wa kondoo.

Madaktari wa binadamu walikuwa na picha zizo hizo mezani, lakini kondoo si mgonjwa wao. Ndiyo maana barua hii naipenda mno. Humo Hadlow alishauri kuru ipandikizwe kwa wanyama wa jamii ya nyani, kisha watu wasubiri, tena wasubiri sana. Mwaka 1963 watafiti wa Marekani, Carleton Gajdusek na Clarence Gibbs, wakawapandikiza sokwe. Ilipita karibu miaka miwili ndipo sokwe wakaanza kutetemeka. Matokeo yalichapwa 1966: kuru inaambukiza.

Turudi kwa Wafore wenyewe, maana katika simulizi hii mara nyingi wao huachwa nyuma. Kuru kwa lugha yao ni kutetemeka. Daktari Vincent Zigas na Gajdusek walipoanza kuueleza ugonjwa huo mwaka 1957, waliokuwa wakifa wengi wao ni akina mama na watoto. Kuna vijiji ambako wanaume walibaki kulea watoto peke yao. Wanasayansi walidhani ni ugonjwa wa kurithi. Mapema miaka ya 1960 wanaanthropolojia wawili, Shirley Lindenbaum na mumewe Robert Glasse, wakaketi na wazee na kuwauliza: kuru mliiona lini mara ya kwanza? Wazee wakawataja marehemu, kijiji baada ya kijiji. Zamani haikuwapo, walisema, tuliiona ikiingia. Sasa ugonjwa wa kurithi tu utaingiaje kama mgeni, ukahama kijiji hiki kwenda kile?

Wakaeleza na maziko yao. Maiti aliliwa na jamaa zake kwa mapenzi na heshima, ili asiachwe kuliwa na wadudu. Ubongo uliliwa zaidi na wanawake na watoto. Naomba asicheke mtu hapa, huo ulikuwa msiba wao. Desturi ilikoma kuanzia miaka ya 1950, na watoto waliozaliwa baada yake hawakupata kuru. Lakini waliokwisha ambukizwa utotoni, wengine waliugua baada ya miaka zaidi ya 50.

Ni kijidudu gani hicho? Tikvah Alper, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliipiga skrepi kwa mionzi inayoangamiza vinasaba vya kirusi chochote. Haikufa. Mwaka 1982 Stanley Prusiner akakiita chanzo chake prioni, yaani protini tupu inayoambukiza; akabishiwa sana, na 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Chukueni kanga. Pindo lile lile, jina lile lile. Ukiikunja hivi inakaa sandukuni, ukiizungusha vile inakuwa kata ya kubebea ndoo kichwani. Protini hii sote tunayo kwenye ubongo. Ikikunjika vibaya, huigeuza jirani yake iliyo sawa ikunjike vivyo hivyo, nayo ikageuze nyingine. Panya waliofugwa Zurich bila jeni ya protini hiyo walipandikizwa skrepi, wasiugue.

Ya Uingereza mnayajua. Ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao. Mwaka 1986 kichaa cha ng'ombe, nacho ni cha prioni, kikatambuliwa, wakathibitishwa zaidi ya 180,000. Mwaka 1996 serikali ikakiri kuwa huenda watu wameambukizwa. Wamekufa huko 178.

Lililonileta leo ni ngamia. Mwaka 2018 watafiti waliandika kuhusu machinjio ya Ouargla, Algeria: asilimia 3.1 ya ngamia walioletwa kuchinjwa mwaka 2015 na 2016 walikuwa na dalili. Wanakonda, wanatetemeka, wanakuwa wakali, wanashindwa kuinuka. Ubongo wa watatu ulipopimwa, prioni ilionekana. Sisemi ugonjwa huo uko Marsabit au Wajir kwetu Kenya. Nasema ngamia tunao wengi, maziwa yao tunayanywa na nyama yao tunaila.

Kwa hiyo mzee akikwambia ngamia wake siku hizi anasita kusimama, usimwandikie dawa ya minyoo ukaondoka. Muulize alianza lini, na wa jirani yake je. Akifa au akichinjwa, sampuli inayotakiwa ni shina la ubongo, pale linapoungana na uti wa mgongo. Vaa glavu, na kisu hicho kisirudi jikoni. Nusu iweke kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo visioze, nusu igandishwe. Na mkumbuke kuwa formalini haiui prioni.

Sasa maswali, naomba tuanze na wafugaji.