Nani Atamlipa Mwanafunzi Anayelichunguza Jimbo?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa uzamivu mliowahi viti. Wanaonifahamu wanajua nimekuja kusema nini, na wengine nawaona wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Nitalirudia hadi kamati za ufadhili zilisikie. Marekani maisha ya familia maskini huamuliwa kwa kiasi kikubwa na majimbo, lakini mwanafunzi wa ustawi wa jamii anayetaka kuandika tasnifu juu ya sera ya jimbo lake huhangaika kutafuta fedha kuliko mwenzake anayepima mbinu mpya ya ushauri nasaha. Sisemi ushauri nasaha hauna maana. Msininukuu vibaya, maana haupiti mwaka bila mtu kuninukuu vibaya.

Mfano wangu ni uleule: jimbo la Mississippi. Ndiyo, tena!

Mwaka 1996 Marekani ilibadili sheria ya misaada kwa familia maskini; hayo mnayajua, sitayarudia. Tangu hapo fedha za TANF, yaani mpango wa misaada kwa familia maskini zenye watoto, hutolewa kwa majimbo kama fungu la jumla, dola bilioni 16.5 hivi kwa mwaka kwa nchi nzima, na fungu hilo halijawahi kupandishwa kufuata kupanda kwa bei. Jimbo likishapokea, linaamua lenyewe fedha ziende wapi, mradi liweze kudai kwamba zinatimiza lengo mojawapo kati ya manne yaliyomo kwenye sheria. Malengo hayo ni mapana kiasi kwamba Michigan imewahi kuyatumia kulipia masomo ya wanafunzi wa vyuo.

Sasa, Mississippi mama mwenye watoto wawili na asiye na kipato chochote alikuwa akipata, kwa kiwango cha juu kabisa, dola 170 kwa mwezi. Ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi, hadi 2021 ilipopandishwa kuwa 260. Na katika miaka hiyohiyo ya 170, dola milioni 5 kutoka fungu lilelile zikaenda kujenga ukumbi wa voliboli wa chuo kikuu. Voliboli, jamani! Februari 2020 watu wakakamatwa. Ukaguzi uliofuata ukaeleza kwamba zaidi ya dola milioni 77 zilitumika isivyostahili, na mwaka 2022 aliyekuwa mkurugenzi wa idara husika akakiri makosa mahakamani.

Nani waliyafuatilia haya? Ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa jimbo, na waandishi wa habari. Chombo cha habari cha Mississippi Today kilipata tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka 2023 kwa kazi hiyo, na kilistahili. Ila sisi tulikuwa wapi? Kila robo mwaka jimbo hupeleka serikali kuu taarifa ya matumizi yake ya TANF, na takwimu za mwaka hutangazwa wazi. Zifungue. Utakuta mistari ya posho taslimu, malezi ya watoto, gharama za utawala, halafu utakuta mstari wa "mengineyo". Mstari ule peke yake ni tasnifu nzima.

Najua kuna mtu hapa anajisemea kwamba mwanafunzi hawezi kukamata wezi. Kweli, na wala si kazi yake. Lakini ondoeni wizi wote kwenye hadithi hii, bado mna tatizo. Katika nchi nzima, sehemu inayofika mkononi mwa familia kama posho taslimu ni kama robo tu ya fedha za TANF, na hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Mkaguzi wa hesabu akishaona risiti ni halali, anafunga faili. Swali la kwa nini uhalali wenyewe uko hivyo, na nani aliuandika, ni letu.

Swali hilo lina gharama. Ukiomba mikataba ya idara kwa kutumia sheria ya kumbukumbu za umma, jimbo linaweza kukutoza gharama za kuitafuta na kuinakili. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia aliletewa ankara inayozidi kodi ya nyumba yake. Fomu yake ya ufadhili ilikuwa na sehemu ya asante kwa washiriki, ya kunakili mahojiano na ya programu ya takwimu. Ada ya nyaraka za serikali haikuwamo popote. Akaiingiza kwenye "vifaa vya ofisi". Kamati ikamwandikia kumuuliza karatasi zote hizo ni za nini.

Halafu kuna kalenda. Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja kila baada ya miaka 2, kuanzia Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, na kwa siku zisizozidi 140. Mpe mwanafunzi fedha za miezi 12 kuanzia Julai ya mwaka huohuo wa kikao akachunguze jinsi kamati zinavyoamua. Gavana asipoitisha kikao maalumu, atalipwa kutazama mlango uliofungwa.

Wasimamizi nao wana wimbo wao: jimbo moja halijumlishiki, eti utakayoyakuta humo hayawezi kueleza kwingine. Yaani watu 40 waliopatikana kwenye kliniki moja wanajumlishika, ila Texas nzima haijumlishiki? Majimbo yako 50, kila moja lina sheria zake na tarehe zake. Kulinganisha ni kazi nyepesi mno ukilinganisha na kupata fedha za kulinganishia. Wengine wanasema hiyo ni kazi ya watu wa sayansi ya siasa. Hao watahesabu kura, na watazihesabu vizuri. Aliyekaa dirishani na yule mama siku aliponyimwa posho ni ofisa ustawi wa jamii.

Wala sikuzua mimi. Florence Kelley, mtetezi wa haki za wafanyakazi, alichunguza karakana za ushonaji za Chicago akiishi Hull House, nyumba ya huduma za jamii ya mjini humo, akilipwa na ofisi ya takwimu za kazi ya jimbo la Illinois. Mwaka 1893 ikapatikana sheria ya viwanda, na yeye akateuliwa mkaguzi mkuu. Miaka 2 baadaye mahakama kuu ya jimbo ikakifuta kipengele cha saa 8 kwa wanawake. Angalieni nani alimlipa. Jimbo lenyewe!

Nilitaka kuzungumzia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, jinsi uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2012 ulivyoliachia kila jimbo hiari ya kuipanua, na Texas na Florida hadi leo hazijapanua. Na watoto walio katika malezi mbadala baada ya sheria ya Family First ya 2018. Mwenyekiti ananionyesha saa, basi.

Kuna walimu waliowahi kuliona hili. Influencing State Policy, shirika la walimu wa ustawi wa jamii, ilianza 1997 na ikawa ikitunuku wanafunzi walioshughulikia sera za majimbo yao. Ulikuwa mfano mzuri, ila tuzo inayokuja baada ya kazi haimlipii mtu ankara ya nyaraka.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa kwenye kamati, ombi langu ni dogo. Wekeni kwenye fomu mstari wa nyaraka za serikali na wa safari za makao makuu ya jimbo, na mruhusu mwanafunzi aanze kutumia fedha siku bunge linapofunguliwa. Asanteni. Maswali, na tafadhali mtu asianze na "halijumlishiki".